Nyumba Moja, Watu Wengi: Utamaduni wa Kazi kutoka Chuo Kikuu hadi Chumba cha Walimu

Utangulizi

Kila mwaka wanachuo wetu waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, huondoka na maandalio ya masomo, zana za kufundishia na chaki za akiba. Wamejiandaa kukutana na watoto. Lakini mtu wa kwanza atakayewapokea shuleni si mtoto, bali ni mwalimu mwenzao. Wataingia katika chumba cha walimu ambamo wamo watu wa makabila na dini mbalimbali, wanaume kwa wanawake, wazee wanaokaribia kustaafu na vijana walioajiriwa juzi. Juu ya jambo hilo andalio la somo halisemi kitu.

Katika somo hili tunakusudia kuchunguza jinsi watumishi wa asili mbalimbali wanavyoishi pamoja mahali pa kazi, na jinsi desturi za mahali hapo zinavyowaunganisha au kuwatenga. Tutaanza na vyuo vikuu, kwa kuwa huko mchanganyiko wa watumishi ni mkubwa na historia yake inajulikana. Tena, vyuo hivyo vimekuwa majirani zetu: mikoa ya Iringa na Mbeya, ambayo zamani haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, leo ina vyuo kadhaa. Kisha tutashuka hadi shule ya msingi, ambako ndiko wasomaji wetu watafanya kazi.

Baada ya kulisoma somo hili, mwanachuo aweze:

(a) kueleza maana ya utamaduni wa kazi na ngazi zake tatu;
(b) kutoa mifano ya namna desturi zinavyomkaribisha au kumtenga mtumishi;
(c) kuchunguza chumba cha walimu kwa utaratibu, bila ya kuhukumu kwa haraka.

Maana ya utamaduni wa kazi

Mtaalamu wa Marekani, Edgar Schein, katika kitabu alichokitoa mwaka 1985, alieleza kwamba utamaduni wa mahali pa kazi una ngazi tatu. Ya kwanza ni mambo yanayoonekana: majengo, mavazi, jinsi watu wanavyosalimiana na mahali wanapoketi. Ya pili ni maadili yanayotangazwa, kama vile maneno yaliyoandikwa ukutani na hotuba za wakuu. Ya tatu, iliyo ya ndani kabisa, ni mambo ambayo watu wameyazoea hata hawayasemi tena, kwa sababu hakuna anayefikiri kwamba yangeweza kuwa vinginevyo.

Tuchukue mfano wa shuleni. Meza ya mwalimu mkuu iliyo peke yake karibu na dirisha ni ngazi ya kwanza. Maneno "Umoja ni Nguvu" yaliyopakwa rangi juu ya mlango ni ngazi ya pili. Imani isiyosemwa kwamba mwalimu wa kike ndiye apaswaye kuchemsha chai ni ngazi ya tatu. Mgeni huiona ngazi ya kwanza siku anayofika, huisoma ya pili katika wiki yake ya kwanza, na huigundua ya tatu siku anapojikwaa juu yake.

Hapana budi tutofautishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mchanganyiko wa watumishi ni hesabu: wangapi wanatoka wapi, wangapi ni wanawake, wangapi wana ulemavu. Utamaduni wa kazi ni mwenendo. Barua ya ajira humleta mtu hadi mlangoni; desturi ndiyo humkaribisha ndani au humwacha barazani. Hilo ndilo jambo kuu la somo letu.

Mfano wa chuo kikuu cha kwanza

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, chenye kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea.

Katika miaka hiyo ya mwanzo wahadhiri wengi walikuwa wageni. Terence Ranger, Mwingereza, aliiongoza idara ya historia. Baadaye Walter Rodney alitoka Guyana akafundisha hapo. Watanzania waliokwenda kusoma nje walirejea mmoja baada ya mwingine, miongoni mwao Isaria Kimambo na Arnold Temu. Je, watu hao wa asili mbalimbali waliunganishwa na nini? Jibu moja tunaliona katika kitabu cha historia ya Tanzania ambacho Kimambo na Temu walikihariri, kilichotoka mwaka 1969. Humo mna sura za wazalendo kama Gilbert Gwassa na za wageni kama John Iliffe. Wahariri walikuwa wazalendo, wageni walichangia, na kazi ilikuwa moja. Kwa hiyo basi, somo la kwanza ni hili: watu tofauti huunganishwa na kazi wanayoimiliki pamoja kuliko na hotuba juu ya umoja.

Somo la pili linatoka katika Azimio la Musoma la Novemba 1974. Azimio lilitaka mwanafunzi asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shule, bali afanye kazi kwanza. Nia ilikuwa njema: kuingiza madarasani watu wazima waliokomaa kazini na kuvunja majivuno ya wasomi. Sharti lilikuwa moja kwa wote. Lakini matokeo hayakuwa sawa kwa wote. Msichana aliyeanza kazi mara nyingi aliolewa, akapata watoto, na njia ya kurudi masomoni ikafungwa. Idadi ya wanawake ilipungua, hata miaka michache baadaye wanawake waliondolewa katika sharti hilo. Tusisahau mfano huu. Kanuni inayowatendea wote namna moja yaweza bado kumfungia mlango mmoja wao, na kiongozi mwenye busara hutazama matokeo, si maneno ya kanuni tu.

Vyuo vikuu vya Nyanda za Juu Kusini

Sasa tutazame nyumbani. Mjini Iringa, Mkwawa ilikuwa shule ya sekondari, kisha chuo cha walimu, na mwaka 2005 ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mjini Mbeya, chuo cha ufundi kilichoanza 1986 kilipandishwa kuwa taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005, na mwaka 2012 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya.

Chuo kinapopandishwa hadhi namna hiyo, bango la langoni hubadilishwa kwa siku moja. Desturi hazibadiliki kwa siku moja. Mkufunzi aliyezoea kukagua maandalio ya masomo hukutana na mhadhiri anayepimwa kwa utafiti na maandishi yake. Fundi wa karakana anayeijua kila mashine kwa sauti yake hukutana na kijana mwenye shahada ya uzamili ambaye sasa ndiye mkubwa wake. Nani atamwita nani "mwalimu"? Nani atamsikiliza nani? Tofauti za elimu na kada hukata kwa kina kama tofauti za kabila, wala hazionekani upesi. Aidha, tusidhani kwamba watumishi wa chuo kikuu ni wahadhiri peke yao. Wamo makatibu muhtasi, madereva, walinzi, wapishi na wahudumu wa maktaba. Nyumba hupimwa kwa jinsi inavyomtaja mtu wa mwisho katika orodha ya mishahara.

Vipo pia vyuo vikuu vilivyoanzishwa na makanisa: Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri, Chuo Kikuu Katoliki Ruaha, na kule Mbeya Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Wamoraviani, kilichopewa jina la askofu wao. Mwenye nyumba ana haki ya desturi za nyumba yake, nasi hatusemi kwamba sala ifutwe katika vyuo hivyo. Tunalouliza ni hili: mtumishi wa dhehebu au dini nyingine aliyeajiriwa kwa ujuzi wake, je, ajua mapema ni lipi analotakiwa kulitenda na ni lipi analoruhusiwa kutolitenda bila ya kutiliwa shaka? Desturi inayosemwa wazi hubebeka. Inayoumiza ni ile ambayo mgeni huigundua baada ya kuivunja.

Sheria hufika wapi?

Nchi yetu haikuliacha jambo hili kwa hisani ya watu. Mwaka 1962 utaratibu wa shule za kutengwa kwa rangi, yaani za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, ulikomeshwa. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mtumishi kwa kabila, mahali alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mengineyo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na watumishi wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono kuwa ni kosa la jinai. Mwanachuo wa kike na mwalimu mpya wa kike yawapasa kulijua hilo kabla ya kuondoka chuoni.

Sheria hizi ni ngao, na mwalimu asiyezijua huenda vitani mikono mitupu. Hata hivyo, sheria haikai katika chumba cha walimu saa nne asubuhi chai inapomiminwa. Haisikii ni lugha gani inazungumzwa. Haihesabu ni nani aliyekatizwa maneno kikaoni. Huko ndiko desturi inakotawala peke yake.

Lugha na utani

Katika mikoa yetu yapo mambo mawili yanayohitaji uangalifu wa pekee. La kwanza ni lugha. Mgeni anayejifunza kusema "kamwene" akiwa Iringa, au "ugonile" akiwa Rungwe, anawaheshimu wenyeji wake, nasi tunawahimiza wanachuo wote wafanye hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini salamu ni kitu kimoja na kikao ni kitu kingine. Mazungumzo ya kazi yakiendeshwa kwa lugha ya nyumbani, asiyeijua hugeuka kuwa kiti kitupu. Kiswahili kilitupa watu wa makabila zaidi ya 100 mahali pa kukutana. Tusikiache nje ya mlango wa chumba cha walimu.

La pili ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882. Leo wajukuu wao ni watani. Utani ni hazina, kwani huwawezesha watu kuambiana ukweli bila ya kugombana. Lakini una masharti yake. Mtani hutania naye hutaniwa. Mtani wa kweli ndiye pia afikaye msibani kusaidia. Mkuu anayemdhihaki mtumishi wa chini kwa kabila lake, hali akijua kwamba huyo hawezi kumjibu, hatanii: anatumia cheo. Vivyo hivyo mzaha juu ya mwenye ulemavu, au juu ya mwanamke asiye na mtoto, hauna utani ndani yake hata kama chumba kizima kimecheka.

Kosa letu wenyewe

Si vyema tuwafundishe wengine tukajificha nyuma ya ubao. Wakati mmoja tulikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya milimani, msimu wa baridi. Alikuwapo hapo mwanachuo wa kike aliyetoka pwani ya kusini. Masomo yake yalikuwa mazuri. Lakini kila tulipofika wakati wa mapumziko tulimkuta nje, amejifunika khanga mbili, akisahihisha madaftari kwenye ngazi za darasa, ilhali walimu wenzake wamelizunguka jiko la mkaa ndani. Katika fomu yetu, mahali palipoandikwa "Ushirikiano na wenzake", tuliandika: "Hajichanganyi." Tukampa alama ya chini.

Wanachuo waliporejea tulifanya kikao cha tathmini. Tulipomwuliza, alijibu kwa upole: "Mwalimu, wiki sita sikujua ni lini walinisifu na ni lini walinicheka." Ndipo tulipong'amua kwamba chumba kile kilizungumza lugha ya nyumbani tangu asubuhi hadi jioni. Tulirudi shuleni hapo kuuliza. Walimu walishangaa kweli kweli. Hawakuwa na chuki yoyote. Walikuwa wamezaliwa karibu wote katika kata hiyo, na hawakuwahi kufikiri kwamba lugha yao ilikuwa ukuta. Wao walidhani kwamba binti huyo anaringa.

Basi, wenyeji waliona majivuno, mgeni aliona dharau, nasi wakaguzi tuliona uvivu wa kushirikiana. Watu watatu walilitazama jambo moja na wote watatu walikosea, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kosa letu lilikuwa kubwa kuliko yote, kwani sisi ndio tulioliandika. Tulipeleka barua ya kusahihisha maelezo yale, lakini alama zilikwisha wasilishwa, nayo haikubadilishwa. Tangu siku hiyo hatuandiki neno "hajichanganyi" kabla ya kuuliza: achanganyike na nini, na mlango umefunguliwa na nani?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni kweli. Lakini aliyepewa jembe yampasa apewe na kigoda.

Namna ya kuchunguza chumba cha walimu

Tunapendekeza zoezi la siku 10 za kazi. Mwanachuo aandike katika daftari lake, bila ya kutaja majina, mambo manne:

1. Nani alisema katika kikao, na mara ngapi.
2. Nani alipewa kazi gani: zamu, ufunguo wa stoo, kumbukumbu za kikao, chai, michezo, semina.
3. Lugha gani ilitumika, wakati gani.
4. Mlinzi na mpishi waliitwaje, na je, walisalimiwa?

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba shule ina walimu 12, wanawake 7 na wanaume 5. Katika vikao viwili watu wamesema mara 30, na kati ya hizo mara 24 ni wanaume. Wanaume ni asilimia 42 ya walimu, lakini wamechukua asilimia 80 ya maneno. Wakati huohuo chai imechemshwa mara 10, zote na wanawake. Hakuna aliyetunga kanuni hiyo, wala huenda hakuna anayeijua. Hesabu imeitoa gizani bila ya kumgombeza mtu yeyote.

Baada ya kuchunguza, tena kwa adabu ya mgeni, mwalimu mpya aweza kufanya mambo madogo. Amwombe mwalimu mmoja mwenyeji amfundishe salamu na desturi za kijiji. Achemshe chai zamu yake, hasa akiwa mwanamume. Asipoelewa mazungumzo, aseme bila ya kununa: "Samahani, wazee wangu, nami nisaidieni nicheke." Kwa upande wake mwalimu mkuu aweza kubandika orodha ya zamu ili kila kazi izunguke, na kumwuliza kwa jina mtu ambaye hajasema kabla ya kufunga kikao. Mambo haya hayahitaji fedha.

Mwisho, tukumbuke kwamba watoto wanatutazama. Mtoto wa darasa la kwanza aliyehamia kijijini na wazazi wake hujifunza mahali pake kutokana na mahali pa mwalimu mgeni. Akimwona mwalimu huyo kila siku peke yake nje kwenye baridi, atakuwa amefundishwa jambo ambalo somo la uraia halitaweza kumsahaulisha.

Maswali ya kujadili

1. Toa mfano mmoja wa kila ngazi ya utamaduni wa kazi kutoka katika shule uliyosoma wewe mwenyewe.
2. "Kanuni moja kwa wote si lazima iwe haki kwa wote." Jadili kauli hii ukitumia mfano wa Azimio la Musoma na mwingine wa shuleni.
3. Katika makundi ya watu watano igizeni kikao cha walimu ambamo mmoja haelewi lugha inayozungumzwa. Kisha kila mmoja aeleze alilodhani juu ya mwenzake.
4. Utani hugeuka kuwa dhihaka wakati gani? Tajeni masharti matatu ambayo kundi lenu linakubaliana nayo.
5. Ungekuwa wewe ndiye mkaguzi katika kisa tulichokisimulia, ungeuliza maswali gani kabla ya kuandika alama, na ungewauliza akina nani?